Kura ya jina moja: niliyozungumza na vijana wa Wete

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi wanangu vijana ambao ndo mlioniita hapa, ahsanteni sana. Kwenye barua yenu mmeniandikia suali ambalo mimi naona ni la watu wazima kabisa. Mmeuliza, kama chama kilikuwa kimoja, na mgombea urais alikuwa mmoja, na mshindi anajulikana kabla karatasi hazijachapishwa, huo uchaguzi ulikuwa wa kazi gani? Kwa nini serikali ijisumbue na masanduku na wino na vyombo vya kupeleka karatasi mpaka Kojani na Fundo, na watu waache shughuli zao wende wakapange foleni?

Watu wengi hulijibu suali hili kwa neno moja, wanasema yalikuwa maigizo, na mimi hilo silikubali. Silikubali kwa sababu nilikuwepo. Uchaguzi wa jina moja ulikuwa na ubaya mkubwa na ntausema bila ya kumung'unya maneno, lakini ndani ya uchaguzi ule ule watu wa visiwa hivi walisema kitu na walisikika, na nyinyi mliozaliwa juzi mkiambiwa babu na bibi zenu walikuwa wanapelekwa tu kama ng'ombe mnawadhulumu.

Kwanza tuwekane sawa. Zanzibar haikuingia kwenye chama kimoja ikiwa haijui ushindani. Tulishapiga kura 1957, tukapiga Januari 1961, tukapiga tena Juni mwaka ule ule manake ile ya Januari ilitoka sare hakuna wa kuunda serikali, tukapiga Julai 1963. Vyama walikuwepo ASP yani Afro-Shirazi, walikuwepo ZNP yani Hizbu, walikuwepo ZPPP yani chama cha watu wa Unguja na Pemba. Na hapa hapa Pemba, jimbo la Chake Chake, Januari 1961 mshindi alipatikana kwa kura moja. Kura moja jamani! Mtu mmoja tu angeamka na homa asubuhi ile basi hesabu za baraza zima zilikuwa zinageuka. Sasa ushindani ule nao haukuwa mtamu kama wengine wanavyousimulia, uchaguzi wa Juni ulikuja na fujo Unguja, watu 68 wakafa, watu wakasusiana maduka na misiba, ndugu na ndugu hawazikani. Halafu 1963 ASP ikapata kura nyingi kuliko wote, zaidi ya asilimia 54, lakini viti ikapata 13 na wenzao Hizbu na ZPPP waliokuwa pamoja wakapata 18, mwenye kura nyingi akakaa upande wa upinzani. Uhuru Disemba 10, Mapinduzi Januari 12. Mwezi mmoja na siku mbili.

Nayasema haya kwa sababu hoja ya chama kimoja haikutoka hewani. Waliokuwa wakiitetea walisema vyama vimetugawa, vimetuuwa, tuviweke kando tujenge nchi kwanza, na mtu aliyezika ndugu yake 1961 hoja hiyo ilimwingia. Msiitupe haraka haraka. Mimi mwenyewe nimelelewa na watu waliokuwa wakiiamini kwa moyo safi.

Lakini kilichofuata Zanzibar ni kwamba hata huo uchaguzi wa chama kimoja wenyewe haukuwepo. Mzee Karume, Rais wetu wa kwanza baada ya Mapinduzi, hakuficha, alisema waziwazi kuwa uchaguzi hapa hautakuwepo kwa miaka mingi. Baraza la Mapinduzi ndilo lililokuwa likitunga sheria na ndilo lililokuwa likitawala. Tulichoitiwa ni kusema ndiyo au hapana kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, yani Mwalimu Nyerere, basi. Wa kwetu wenyewe, wa kukaa pale Unguja akaamua bei ya karafuu na nani apate skuli, hatukuulizwa. Karume akauliwa Aprili 7, 1972, akaingia Mzee Jumbe, bado hatukuulizwa. Kutoka Julai 1963 mpaka Oktoba 1980 ni miaka 17. Kuna watu walizaliwa, wakasoma, wakaoa, wakapata watoto, hawajaona karatasi ya kumchagua kiongozi wa Zanzibar.

Wenzetu wa Bara walikuwa na jambo jengine, na nataka mlijue kwa sababu mkisikia chama kimoja mnadhani kila pahala kilikuwa kile kile. Septemba 1965 TANU, chama kilichotawala kule, ilifanya uchaguzi wa wabunge ambao kila jimbo, isipokuwa machache, lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja anapewa alama ya jembe na mwengine alama ya nyumba, kwa sababu watu wengi walikuwa hawajui kusoma. Mikutano ya kampeni inaandaliwa na chama chenyewe, wote wawili wanapanda jukwaa moja, hakuna kumwaga pesa, hakuna kutaja dini wala kabila la mtu. Na watu wakawaangusha wakubwa! Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, akaanguka kule kwao Mwanza. Waziri wa Fedha mzima. Kwa hivo pale mwananchi alikuwa hana nguvu ya kubadilisha chama, hana nguvu ya kubadilisha siasa ya nchi, lakini mbunge aliyejisahau alikuwa anaweza kumrudisha nyumbani, na alikuwa anafanya hivo. Ile ilikuwa ni haki, ndogo, lakini ni haki. Mimi naona ilikuwa bora zaidi kuliko ile ya majirani zetu Kenya, ambako 1988 KANU, chama tawala chao, iliwapanga watu mlolongo nyuma ya mgombea au picha yake kwenye mchujo wa chama, mchana kweupe, chifu anakuona umesimama wapi na bosi wako anakuona umesimama wapi. Hapo hata hiyo siri ya karatasi imeondolewa, sasa mtu maskini atasimama wapi kama si pale penye mkubwa?

Shikeni hilo neno siri, tutalihitaji.

Haya. CCM ikazaliwa Februari 5, 1977, TANU na ASP zikaungana. Ikaja Katiba ya Zanzibar ya 1979, ikaja Baraza la Wawakilishi 1980, na Oktoba mwaka huo tukaitwa kumpigia kura Rais wa Zanzibar kwa mara ya kwanza. Jina ni moja, Aboud Jumbe. Ndiyo au hapana. Watu walikuwa wanasema mgombea anashindana na kivuli. Sitakaa sana hapo, alipita, na Januari 1984 kule Dodoma akajiuzulu baada ya ile inayoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, yani mvutano juu ya muundo wa Muungano, akashika Ali Hassan Mwinyi, Aprili tukapiga kura tena jina moja, akapita kwa zaidi ya asilimia 80. Na Mzee Mwinyi watu walimpenda, hilo msimsingizie mtu. Alifungua biashara, nguo zikaonekana madukani, vyakula vikaonekana. Mimi nilimpa ndiyo na nilimpa kwa mikono miwili.

Sasa 1985. Hapa ndo nataka mnisikilize.

Mwinyi anaondoka anakwenda kuwa Rais wa Muungano kumrithi Mwalimu. Zanzibar inataka Rais. Jina litoke wapi? Kwa utaratibu wa wakati ule jina linatoka Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM. Yakafika majina mawili, Idris Abdul Wakil, mzee wa Makunduchi kule Unguja, alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, na Seif Shariff Hamad, Waziri Kiongozi, yani msimamizi wa shughuli za serikali ya Zanzibar chini ya Rais, kijana wa hapa Mtambwe. Wajumbe wakapiga kura baina ya hao wawili, na Mzee Wakil akashinda kwa tofauti ambayo haikufika kura kumi. Wengi wa wajumbe wa kile kikao walikuwa ni watu wa Bara, manake ndo ukubwa wa nchi ulivyo. Kwa hivo ushindani ulikuwepo, tena mkali, hoja kwa hoja na mtu kwa mtu, ila ulifanyika ndani ya chumba kimoja na mlango umefungwa, na watu laki sita wa Zanzibar waliletewa jina likiwa limeshakwisha kazi yake. Ni kama bi harusi anakwenda kuulizwa ridhaa yake wali ushaiva na wageni wameshanawa mikono.

Mzee Wakil, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole na mtumishi wa siku nyingi, mimi sina neno baya juu yake na sikuja hapa kumsema. Lakini Pemba iliuma. Iliuma kwa sababu ya kijana wao kuachwa, na iliuma juu ya maumivu mengine ya zamani, bei ya karafuu katika soko la dunia inaporomoka, mkulima anauzia serikali peke yake kwa bei anayopangiwa, barabara mbovu, vijana wanakimbilia Tanga na Mombasa kutafuta maisha. Sasa mtu mwenye maumivu hayo unampa karatasi yenye ndiyo na hapana.

Nilikuwa mwalimu mdogo wa skuli wakati ule, nikachukuliwa kusaidia kwenye kuhesabu. Ntakuelezeni nilivyoona. Chumba cha darasa, madawati yamesogezwa ukutani, meza mbili zimeunganishwa katikati, karabai inavuma juu ya mezani na wadudu wanaizunguka. Mmoja anafungua karatasi anaisoma kwa sauti, mwengine anaipokea anaionesha kwa wote, wa tatu anaiweka, rundo la ndiyo kulia, rundo la hapana kushoto. Msomaji alianza na sauti ya kwenye mkutano wa hadhara, "ndiyo!" Ikaja hapana. Ikaja hapana. "Ndiyo!" Hapana, hapana, hapana. Nakwambieni sauti ya yule mtu ilikuwa inashuka kila karatasi, mpaka ikafika akawa anasema hapana kama anasoma orodha ya wagonjwa, na sisi hakuna anayemtazama mwenzake usoni manake kila mmoja anaogopa mwenzake asije akaona amefurahi au amekasirika. Rundo la kushoto likaanza kuanguka likabidi ligawiwe mara mbili. Hakuna aliyesema kitu. Tulisaini fomu tukaenda zetu.

Yalipotangazwa matokeo, Mzee Wakil alikuwa amepita, lakini karibu watu wanne katika kila kumi walikuwa wamesema hapana, na Pemba ndiko hapana zilikojaa zaidi. Mwezi ule ule Mwinyi alipata zaidi ya asilimia 90 kwa urais wa Muungano. Kwa hivo msije mkaambiwa watu hawakujua wanachokifanya, au walikuwa wanapinga kila kitu. Mpigakura yule yule, mwezi ule ule, kwa huyu akasema ndiyo na kwa yule akasema hapana. Walikuwa wanapambanua. Na mabibi waliofanya hivo wengine walikuwa hawajui kusoma jina lao!

Na sasa lirudieni lile neno siri. Balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama pale mtaani, alikuwa anajua nani kenda kupiga kura na nani hakwenda. Kutokwenda ilikuwa ni kujitangaza. Kwa hivo watu walikwenda, wakapanga foleni, wakatiwa wino kidoleni, wakaonesha kidole, na mule ndani kwenye dakika moja ya peke yao wakafanya walilolitaka. Dakika ile moja serikali yenye kila kitu ilikuwa haina uwezo nayo. Kama ingekuwa mlolongo wa Kenya, hapana za Pemba zisingeonekana hata mia.

Ilisaidia nini? Watu huniuliza hivo kwa hasira na wana haki. Mzee Wakil alikula kiapo, serikali ikaendelea. Lakini mimi niliyekaa serikalini kwa miaka yangu naona namba ile haikusahaulika hata siku moja. Tangu pale kila mtu aliyekuwa juu alijua kuna kitu Pemba, na hakukuwa na njia ya kusema hakipo manake kimehesabiwa na chama chenyewe kwa mkono wake. Baadhi walijibu vibaya. Januari 1988 serikali ikavunjwa, Seif akaachwa na Waziri Kiongozi akawa Dokta Omar Ali Juma, naye ni Mpemba wa Wawi, Mei mwaka ule Seif na wenzake sita wakafukuzwa kwenye chama, na 1989 akakamatwa akakaa ndani mpaka Novemba 1991.

Na hapo ndo tunafika 1990, uchaguzi wa mwisho wa jina moja. Salmin Amour, asilimia 97 na zaidi. Mtu asiyejua akisoma hiyo karatasi atasema masha'Allah, miaka mitano tu na hapana zote zimeyeyuka, watu wameridhika. Uongo. Pemba watu wengi safari hii hawakujiandikisha kabisa. Waliona 1985 tumesema hapana na hapana yetu imekuwa kosa, basi hatwendi. Asilimia ile ni ya waliokwenda, haina habari yoyote ya waliobaki majumbani. Wanangu, mkiletewa asilimia kubwa namna hiyo, pahala popote duniani, suali la kwanza ulizeni nani hayumo. Machi 2016 hapa kwetu, uchaguzi wa marudio baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa, chama kikubwa cha upinzani kikasusia, Rais akatangazwa na asilimia 91. Vyama vilikuwa vingi kwenye karatasi, na namba ikatoka ya enzi zile zile. Kwa hivo msidhani kuwa hili ninalolizungumza lilikufa Julai 1992 vyama vingi viliporudi.

Kuna jambo moja huwa linaniliwaza. Julai 31, 2010 tuliitwa tena kwa maneno yale yale mawili, ndiyo na hapana, kura ya maoni ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yani CCM na wapinzani watawale pamoja. Asilimia 66 wakasema ndiyo. Tazameni tofauti yake, wa hapana walisimama mikutanoni wakatetea hapana yao, wakasikilizwa, wakarudi nyumbani salama, na ndiyo ikashinda kwa theluthi mbili, namba ya watu walioachiwa wafikiri. Na Oktoba ile tukapiga kura kwa salama ambayo tangu 1995 tulikuwa hatujaiona. Kwa hivo ubaya haukuwa katika kuulizwa ndiyo au hapana. Ubaya ni pale anayesema hapana hana wa kumsemea, na jina limeletwa kutoka pahala ambapo yeye hakuwemo.

Hili la jina linatoka wapi ndo nnalotaka mlichukue kwa uzito, manake nnaona mnalipuuza. Nyinyi wengi wenu siku ya uchaguzi mko mbele, vidio, picha za kidole, mabishano usiku kucha kwenye simu. Lakini mkutano wa tawi wa kupendekeza majina hamwendi. Kura za maoni za vyama vyenu, ule mchujo wa ndani wa kupata wagombea, hivyo hivyo vya CCM na hivyo hivyo vya upinzani, hamwendi, mnasema mambo ya wazee hayo. Daftari la wapigakura likifunguliwa kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, mnangoja siku ya mwisho, na mwengine ananyimwa haki yake na hafuatilii, analalamika barzani. Mwaka 1985 tulikatazwa kuingia ndani ya kile chumba. Leo kuna vyumba ambavyo mlango uko wazi na nyinyi mmekaa nje kwa hiari yenu, jimbo zima linaletewa jina lililopitishwa na watu wachache waliojaa sebule moja. Hilo linanikera, nasema kweli, linanikera kuliko kivuli cha 1980.

Na la mwisho ni ombi. Waliopiga kura 1985 wakiwa na miaka 18 leo wameshapita hamsini, na waliokuwa na akili zao timamu za watu wazima wengi wameshatangulia. Habari zao hazijaandikwa. Iliyoandikwa ni namba na majina ya wakubwa. Kila mmoja wenu ana bibi, ana babu, ana ami, ana shangazi, kaeni nao na simu zenu hizo muwarikodi. Msiwaulize walimpigia nani, hiyo ni siri yao na wakitaka kufa nayo ni haki yao. Waulizeni walikwenda na nani kituoni, walisubiri saa ngapi, walivaa nini, nani alikuwa amesimama mlangoni, walivoogopa walijifanyaje, waliporudi nyumbani walizungumza au walinyamaza. Waulizeni na wale waliosema ndiyo kwa moyo wao, wapo wengi, na wanaona haya kusema siku hizi hapa Pemba, nao habari zao ni zetu. Mwenyekiti amekubali zikusanywe hapa skuli, na walimu wa historia wawili wamejitolea kuziandika. Leteni hata kama ni dakika tano.

Nimemaliza mwenyekiti. Naona dada mmoja kule nyuma mkono umenyanyuka tangu nilipotaja kura za maoni, naomba apewe maikrofoni yeye mwanzo.